Hadithi mbili za mauaji, ya 1892 na ya 1953: ulinganisho uanzie wapi?

BarazaTononoka

Salaam wajuzi. Kikundi chetu cha kusoma hapa Tononoka kinakutana Jumamosi baada ya alasiri, na zamu hii kuna hadithi mbili fupi za mauaji: "The Adventure of the Speckled Band" ya Arthur Conan Doyle, iliyotoka katika jarida la The Strand Februari 1892, na "Lamb to the Slaughter" ya Roald Dahl, iliyotoka katika Harper's Septemba 1953. Watu ni 14, wengi wao wanafunzi wa kidato cha 3 na cha 4. Tunasoma kwa Kiingereza, tunajadili kwa Kiswahili. Muda ni dakika 90, kisha magharibi imeingia.

Jedwali la kufanana na kutofautiana nimeshalichora, likatoka kavu. Hii ina mpelelezi hodari, ile ina polisi wazembe. Huku muuaji ni mwanamume, kule ni mwanamke. Hii ya zamani, ile ya juzi. Ukishasema hayo umemaliza na bado hujasema kitu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Ulinganisho uanzie wapi ili uzae mjadala? Pili, mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba nyoka hanywi maziwa, kwa hivyo hadithi ya Doyle imeporomoka yote, ana haki? Tatu, hilo neno "band" tuliiteje kwa Kiswahili? Kila tafsiri ninayoijaribu inaua fumbo.

Majibu bila shaka yatafichua mwisho wa hadithi zote mbili. Asiyezisoma arudi baadaye.

MezaYaFumbo

Ndugu Baraza, jedwali liweke kando kwanza. Shika swali moja na ulirudie kila sehemu ya hadithi: hapa msomaji anajua nini, na nani anajua zaidi yake? Hapo ndipo ile miaka 61 inapoonekana.

Kwa Doyle, msomaji yuko nyuma ya mpelelezi. Helen Stoner anafika Baker Street, nyumbani kwa mpelelezi Sherlock Holmes, saa moja na robo asubuhi, Aprili 1883, anatetemeka kwa hofu. Dada yake pacha, Julia, alikufa miaka miwili nyuma, zikiwa zimebaki wiki mbili aolewe, katika chumba kilichofungwa kwa ndani. Sasa Helen naye ana mchumba, na kwa sababu ya matengenezo ya ukuta amehamishiwa chumba kile kile, akasikia mluzi ule ule usiku. Holmes na rafiki yake Watson, msimulizi wetu, wanakwenda Stoke Moran, nyumba ya baba wa kambo wa Helen, Dkt. Roylott, na tazama jinsi Doyle anavyotuwekea kila kitu mbele: kamba ya kengele isiyofungwa kwenye kengele yoyote, tundu la hewa lisilotoka nje bali linaloingia chumba cha baba wa kambo, kitanda kilichokazwa sakafuni, sefu, kisahani cha maziwa, kiboko kidogo kilichofungwa kitanzi mwishoni, kiti kilichosimamiwa mara nyingi. Watson anaviona vyote. Sisi tunaviona vyote. Holmes peke yake anaviunganisha, naye hasemi mpaka saa tisa usiku anapoichapa ile kamba kwa fimbo gizani.

Dahl aligeuza mpangilio. Msomaji yumo ndani ya nyumba tangu mwanzo. Mary Maloney, mjamzito wa miezi sita, anamngoja mumewe Patrick, askari polisi. Mume anakuja, anakunywa wiski, anasema ana jambo la kumwambia. Mke anateremka stoo ya chini, anatoa paja la kondoo kwenye friza, anapanda nalo, anampiga kisogoni. Polisi wanapoingia sisi tunajua yote. Swali la "nani?" halipo tena. Lililobaki ni "watagundua?", na ubaya wake ni kwamba katikati ya kusoma unajikuta unamwombea asigunduliwe.

Sasa twende pale ninapoona penye utajiri hasa. Kila mmoja kati ya hawa wawili amefukia shimo moja katika hadithi yake. Doyle ameficha nyoka, anayetumwa na Roylott kupitia lile tundu la hewa. Dahl hakuficha muuaji wala silaha. Ameficha maneno ya Patrick. Anatuambia tu kwamba mazungumzo yalichukua dakika nne au tano, kisha anatupa ncha yake: mume atampa fedha na kuhakikisha anatunzwa. Hakuna neno la mwanamke mwingine, hakuna neno la talaka. Wasomaji wengi wanaapa wamelisoma. Waambie wakuonyeshe mstari, hawataupata. Shimo la Doyle linafukuliwa mwisho wa hadithi kwa maelezo ya kurasa mbili tatu. La Dahl halifukuliwi kamwe. Wanafunzi wakilinganisha mashimo haya mawili watakuwa wamelinganisha namna mbili za kumwamini msomaji.

Jambo la pili ni silaha. Zote mbili ni mnyama. Mmoja hai, mwingine amechinjwa na kugandishwa. Zote mbili zinaondoka mahali pa mauaji zenyewe, moja kwa kuitwa na mluzi ipande kamba irudi, nyingine kwa kuliwa na wanaoitafuta. Na katika zote mbili alama iliyobaki ni chakula. Kisahani cha maziwa juu ya sefu, katika nyumba yenye duma na nyani lakini isiyo na paka, kinamfikirisha Holmes. Harufu ya nyama inayoiva inampita askari Jack Noonan kwa sababu kwake hicho ni chakula cha jioni na si kitu kingine.

Makosa mawili ninayoyaona mara kwa mara katika insha za hadithi hizi. La kwanza, kusema Mary alipanga kuua. Maandishi yanakataa: alishika kitu cha kwanza alichokigusa ndani ya friza, akakitazama, ndipo akajua ni paja la kondoo la chakula cha usiku. Mpango unaanza *baada* ya pigo, anapowasha oveni, anapokwenda kwenye kioo kufanya mazoezi ya sauti ya kumsalimu mwenye duka na kuagiza viazi na kopo la njegere. Dkt. Roylott ni kinyume chake kabisa. Tundu na kamba viliwekwa pamoja, na kitanda kikakazwa, siku nyingi kabla ya mtu kufa. Tena sababu yake ni hesabu tupu. Mali ya marehemu mkewe ilikuwa ikitoa karibu pauni 1,100 kwa mwaka alipofariki. Bei za mazao zikashuka, sasa haizidi 750. Kila binti akiolewa anachukua 250. Wote wawili wakiolewa, yeye anabaki na 250. Holmes aliipata hesabu hii mapema kwa kwenda kusoma wosia, kabla hajapanda treni. Ziandikeni tarakimu hizo ubaoni, kisha muulize: kwa Mary tarakimu ziko wapi? Hazipo.

Kosa la pili ni hilo ulilolitaja, "polisi wazembe". Si wazembe. Wameleta daktari, mpiga picha, mtu wa alama za vidole. Wamekwenda dukani kuthibitisha kwamba Mary alikuwa huko na alionekana wa kawaida. Wamepekua nyumba na bustani. Noonan anajua kwamba ukiipata silaha umempata mtu. Wanachokosea ni mambo mawili tu: wanatafuta kitu cha chuma, spana au mfano wake, na wanamjua mama mwenye nyumba kwa jina. Ni mke wa mwenzao. Holmes hakumjua Helen wala Roylott kabla ya asubuhi ile, na hilo lilimsaidia.

Koboko_Kisauni

Nijibu la nyoka, maana mwenzenu ana haki nusu.

Nyoka hula mnyama mzima mzima na hunywa maji. Mwenye kiu kikali anaweza kulamba maziwa kama angelamba kitu kingine chochote cha majimaji, lakini kwake si chakula, na huwezi kumfunza arudi kwa sababu ya maziwa. Mluzi nao ni taabu: nyoka hana sikio la nje, hupokea zaidi mitikisiko inayopita ardhini hadi kwenye mfupa wa taya. Si kiziwi kabisa, ila kumwita kwa mluzi kama mbwa hakuna. Jina "swamp adder" halimo katika nyoka wa India. Na daktari Roylott anakufa ndani ya sekunde kumi, jambo ambalo hata sumu ya koboko hailifanyi kwa mtu mzima. Doyle alisomea udaktari Edinburgh, alijua sumu inavyokwenda mwilini. Alitaka tu mlango ufunguliwe na mtu awe ameshakufa kitini.

Lakini kusema hadithi imeporomoka ni kuchanganya mambo. Kuna ukweli wa dunia na kuna uaminifu wa hadithi kwa sheria zake yenyewe. Kupima huo wa pili, fanyeni jaribio la kuondoa. Ondoa kitu kimoja kimoja uone kama mauaji bado yanawezekana.

Ondoa kukazwa kwa kitanda: Helen atakisogeza, kamba haitaangukia mto wa kulalia. Ondoa kamba: nyoka atadondoka chini na hana njia ya kurudi. Ondoa kisahani: hana sababu ya kurudi. Ondoa mluzi: atabaki chumbani hadi asubuhi na atakutwa. Ondoa sefu: Helen au mtumishi ataingia chumbani kwa daktari mchana na kumwona. Ondoa kiboko chenye kitanzi: daktari hana cha kumkamatia. Kila kipande kinabeba mzigo. Hakuna cha pambo. Ndiyo maana hadithi inasimama hata kama nyoka wake hayupo duniani.

Duma na nyani ndio pekee wanaoondoka bila kitu kuvunjika. Hao wamewekwa kukupoteza.

Sasa fanyeni haki, mpimeni na Dahl kwa kipimo kile kile cha ukweli wa dunia. Watu humsamehe kwa sababu hakuna nyoka. Je, saa za oveni zinakubali? Mary anaweka nyama iliyoganda kwenye trei, anawasha oveni kwa moto wa juu, anakwenda dukani kabla ya saa kumi na mbili jioni. Polisi wanaambiwa wale karibu na saa tatu usiku. Huo ni muda wa kama saa tatu.

Chukua paja lenye mfupa la kilo 2.5. Nyama iliyoyeyuka, katika moto wa digrii 180, huhitaji kama dakika 20 hadi 25 kwa kila nusu kilo, yaani dakika 100 hadi 125. Iliyoganda huongezewa nusu ya muda huo: dakika 150 hadi karibu 190. Kwa hiyo saa tatu zinatosha, au karibu. Kinachonitatiza ni moto wenyewe. Ukiacha nyama iliyoganda kwenye moto wa juu kwa saa tatu, nje itakauka na kuwa nyeusi huku ndani karibu na mfupa ikichelewa. Desturi ni kuanza na moto wa wastani na kuukoleza mwishoni. Polisi wenye njaa na wiski tumboni hawatalalamika, lakini mpishi yeyote angeona. Upande wa ugumu hakuna shida, paja lililokaa friza kwa digrii 18 chini ya sifuri ni gumu kama gogo na lina mpini wake tayari, ule mfupa wa kifundo.

Kwa hiyo Dahl anapita mtihani wa dunia kwa alama nzuri, Doyle anaanguka. Mtihani wa sheria za ndani wote wanapita. Hilo peke yake ni dakika 20 za mjadala.

KalamuYaMvita

Mie nitashika lugha.

"Band" ya Kiingereza ni utepe, na pia ni kundi la watu. Julia anapokufa anataja "band" yenye madoadoa, na Helen anabaki na dhana tatu: pengine dada aliweweseka, pengine alikusudia kundi, wale Wagipsi, watu wa kuhamahama, waliopiga kambi shambani, au pengine vitambaa vya madoadoa wanavyojifunga kichwani. Holmes mwenyewe anakiri mwishoni kwamba neno hilo na wale Wagipsi vilimpeleka njia isiyo sahihi mwanzoni. Kwa hiyo si neno la pembeni. Ndilo ndoana.

Kiswahili hakina neno moja linalokaa pande zote mbili. "Ukanda" na "mkanda" ni kitu kirefu chembamba, havigeuki kuwa watu. "Genge" na "kundi" ni watu, havigeuki kuwa nyoka. "Bendi" tumeipeleka kwenye muziki, mtu atafikiria tarumbeta. Tanbihi msiweke hata kidogo: ukieleza chini ya ukurasa kwamba neno hili lina maana mbili, umeshamnong'oneza msomaji kwamba moja ni ya uongo.

Pendekezo langu ni "utepe wenye madoadoa". Linapoteza dhana ya kundi, hilo nakubali. Lakini linaokoa dhana ya kitambaa cha kichwani, na hiyo inatosha kuwashuku Wagipsi. Zaidi ya hapo, angalieni mahali nyoka anapokutwa. Hakukutwa sakafuni. Roylott ameketi, kidevu kimeelekea juu, macho yametulia kwenye pembe ya dari, na kwenye paji la uso amezungukwa na kitu cha manjano chenye madoadoa ya kahawia, kimembana kichwa. Yaani mwishoni utepe uko pale pale ambapo utepe hufungwa. "Mkanda" ungekupeleka kiunoni. "Utepe" unakurudisha kichwani, na picha ya mwisho inajibu neno la mwisho la Julia.

Tahadhari moja ya Mombasa: msitumie "leso" kwa vile vitambaa vya Wagipsi. Kwingine leso ni kitambaa cha mkononi, lakini kwetu leso ni ile jozi ya mwanamke, na kijana wa Tononoka akisikia "leso ya madoadoa" ataanza kumshuku Helen. Semeni "kitambaa cha kichwa".

Kwa Dahl shida iko katika anwani. Kiingereza kina neno moja, "lamb", kwa mnyama mchanga na kwa nyama yake mezani. Sisi tunatenganisha, mwana-kondoo na nyama ya kondoo. Na msemo wenyewe umetoka Isaya 53:7, "kama mwana-kondoo apelekwaye machinjoni", mtu anayekwenda kufa asiyejua na asiyepinga. Waelezeni wasioujua mstari huo, maana bila huo anwani inasikika kama habari za bucha. Kisha waulize: mwana-kondoo ni nani? Mary, anayekaa kwa upole akishona huku mume amekwisha amua? Patrick, anayegeuza mgongo dirishani? Au wale askari mezani? Wengi husimama kwa Mary. Mie naona ni Patrick, kwa sababu ndiye asiyeona kitu kinakuja. Lakini wa tatu ana watetezi wazuri.

Mstari wa mwisho nao una mtego. Askari mmoja, mdomo umejaa, anasema silaha labda iko puani mwao. Msitafsiri "mbele ya macho yetu". Pua ndiyo yenye kazi hapa: wamekaa juu ya harufu yake. "Iko papa hapa, puani mwetu" ndiyo sawa. Tuna methali inayosema kikulacho ki nguoni mwako, na inamfaa Helen vizuri kabisa, anayelala ukuta mmoja na muuaji wake. Kwa askari wa Dahl imepinduliwa, kiliwacho ndicho kilichoua. Ikisemwa kwenye mjadala itawafungulia vijana mlango, ila isiingie ndani ya tafsiri.

Halafu Mary, chumba cha pili, anaanza kucheka. Si "akaangua kicheko", hilo linamfanya shetani wa sinema. Wala si "akatabasamu", hapo hakuna sauti. "Akaanza kucheka kichinichini." Kicheko kinachomtoka kabla hajakiruhusu. Kumbukeni kwamba saa chache nyuma, aliporudi dukani na kumkuta mumewe sakafuni, alilia kilio cha kweli, hakuhitaji kuigiza. Kilio na kicheko hivyo viwili ndivyo nguzo za hadithi, na tafsiri ikivikosa Mary anabaki karatasi.

Dahl, kwa taarifa yenu, alifanya kazi Dar es Salaam na kampuni ya Shell kabla ya vita vya 1939, akajifunza Kiswahili huko. Mjadala wenu angeufuata.

Rafu_ya_Kale

Nongeze sahihisho dogo kwa MezaYaFumbo, kwa heshima. Umesema Dahl aligeuza mpangilio. Kwa kumlinganisha na Doyle ni kweli, lakini vijana wasiondoke wakiamini yeye ndiye wa kwanza. R. Austin Freeman alifanya hivyo katika *The Singing Bone*, 1912: sehemu ya kwanza unamwona muuaji akifanya kazi yake, sehemu ya pili unamfuata mpelelezi akiifumua. Tofauti ni kwamba kwa Freeman mpelelezi anafika. Dahl ameikata ile sehemu ya pili akaiacha mezani na sahani.

Na huyo mnyama anayeua ana babu. Hadithi inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya upelelezi, "The Murders in the Rue Morgue" ya Edgar Allan Poe, Aprili 1841, ina chumba kilichofungwa na muuaji ambaye ni orangutani aliyemtoroka bwana wake. Ziwekeni tatu kwa mstari. Poe: mnyama anaua na hakuna mtu mwenye nia. Doyle: mnyama anaua, nia iko chumba cha pili. Dahl: nia na mkono viko kwa mtu, mnyama amebaki nyama. Ukiwa na dakika tano za ziada, huo ni mstari mmoja tu ubaoni, na unaonyesha hatia ikihama kutoka porini hadi jikoni.

Kuhusu sumu isiyojulikana, kulikuja kuwa na katazo. Ronald Knox mwaka 1929 aliandika kanuni kumi za hadithi za upelelezi, na mojawapo inakataza sumu ambayo bado haijagunduliwa. Nyoka wa Roylott angepigwa marufuku. Hata hivyo mwaka 1927 Doyle alipoorodhesha hadithi zake mwenyewe za Holmes alizozipenda, aliiweka hii ya kwanza. Naona alijua analosema.

Msisahau pia kuuliza nani anahukumu. Hakuna mahakama katika hadithi yoyote kati ya hizi mbili. Holmes anamchapa nyoka, nyoka anarudi kwa hasira na kumuuma aliyemtuma. Holmes anasema wazi kwamba amehusika kwa njia isiyo ya moja kwa moja na kwamba dhamiri yake haitamsumbua sana. Mary naye hahukumiwi. Ila 1892 mwandishi anakutuliza, mwovu amenaswa na mtego wake. 1953 hakutulizi na kitu.

Wakipenda kuendelea kwa Kiswahili, wapelekeni kwa Muhammed Said Abdulla wa Unguja. *Mzimu wa Watu wa Kale* ni ya 1960, na Bwana Msa na kiko chake, pamoja na mwenziwe Najum, ni jamaa wa Baker Street kabisa. Ni riwaya, si hadithi fupi, haitaenea Jumamosi moja.

BarazaTononoka

Shukran sana, nimeandika yote. "Utepe wenye madoadoa" tumeuchukua. Swali la mwisho: katika dakika 90 nisome sehemu gani kwa sauti? Zote mbili haziwezekani.

MezaYaFumbo

Mzee Rafu, sahihisho limepokewa, Freeman ni haki yake.

Baraza, zote mbili haziwezi kweli. Ya Doyle ni ndefu zaidi ya mara mbili ya ile nyingine. Waambie waje wamezisoma nyumbani, kisha kwa sauti chukua vipande viwili tu. Kwa Doyle, ukaguzi wa vyumba viwili, kuanzia Holmes anapoivuta kamba ya kengele hadi anapokiona kile kiboko. Msome polepole, na kila kitu kikitajwa mmoja akiandike ubaoni. Dakika 15. Hapo hapo fanyeni jaribio la kuondoa la Koboko, mkianza na kitanda kwa sababu ndicho chepesi kukiona. Dakika 20, na usikubali jibu la "hakitawezekana" bila kusema kwa nini.

Kwa Dahl, usianze na pigo. Kila mtu atataka kuanza hapo na mtapoteza muda kwenye kucheka. Anza Mary anaposimama mbele ya kioo na umalizie anaporudi nyumbani kulia. Dakika 10 zinatosha. Mwulize mmoja atenganishe sentensi ambazo Mary anaigiza na zile ambazo haigizi. Watagombana, na kugombana huko ndiko unakokutaka, kwa sababu Dahl amefanya mpaka usionekane: anajiambia afanye mambo kama kawaida ili isihitajike kuigiza.

Dakika zilizobaki zipeleke kwenye lile shimo. Kila mtu kipande cha karatasi, aandike sentensi mbili ambazo Patrick alizisema katika zile dakika nne au tano. Zisomwe bila majina. Kisha kila sentensi ipimwe na maandishi: je, inakubaliana na ahadi ya fedha? Na kwamba amechagua kusema akijua mke ana mimba? Na mshangao wa Mary, ambaye kwanza haamini na anadhani labda mume hakusema kitu, ndipo anakwenda kutayarisha chakula kana kwamba hakuna lililosemwa? Zitakazoshindwa, zichane. Usiwape jibu mwishoni, halipo.

Kama kuna ubao mmoja tu, ugawe kwa chaki: kushoto vitu vya Stoke Moran, kulia acha patupu mpaka zile karatasi zisomwe.

BarazaTononoka

Ubao ni mmoja. Nitaugawa. Karatasi nitakata 14 na mbili za akiba, na kamba na kisahani nitabeba kutoka nyumbani waone urefu kutoka tundu hadi mto.